Ngeli ya Composition Ishaexpire, Wasee

Kama ulifanya KCPE, hii story ni yako. Kama we ni wa CBC, tulia uskize masenior. KCPE ilianza 1985 ikazikwa 2023, na hamtawahi jua tulipitia nini.

Composition ilikuwa marks 40, na lazima uamke "as fit as a fiddle". Kayole nzima hakuna msee ashawahi shika fiddle. Nje, ndege wana-chirp. Nairobi gani hiyo? Pita Nyayo Stadium ucheki zile marabou kwa miti. Hao hawachirp. Hao wanakunyea shati mpya ukienda interview.

Halafu "it was raining cats and dogs". Buda, mvua ya Nai haileti paka. Inaleta fare. Mat ya finje inageuka ya soo kabla hujafungua mwavuli, na konda hata hashtuki.

Sentensi ndo zilikuwa comedy sasa. Odijo anasema, tumia "let the cat out of the bag". Class yote: "My friend let the cat out of the bag." Tick! Siri gani? Ya nani? Hakuna anayejua. Badilisha friend uweke uncle, tick ingine. Paka ametoka kwa bag mara mia na hakuna msee amemwona. Na ukiuliza deskie maana yake kwa Sheng, unavishwa disk shingoni, ile ya wenye hawaongei ngeli.

Wazae walikwama hapo. Mpe mzae mic kwa harusi: "all protocols observed", "without much ado", kisha anapiga lisaa limoja pilau ikipoa. Na huyo ndo hukuambia Sheng inaharibu lugha. Aki wazae.

Saa hii trend ni ngeli ya Westie. Hapa hakuna paka. Ni tweng na cappuccino ya mia nne. "Touch base." "Low-hanging fruit." "Hit the ground running", na job ni internship, hata fare hawakupei. Hii ndo noma zaidi, juu ile ya shule ilikula marks tu. Hii inakula ganji. Umedunda kazi ya watu, unaitisha doh, unaambiwa "let's circle back".

Usijibu na idiom. Watumie tu invoice tena, na till number ikuwe bold.