Habari Kabla ya Taarifa ya Habari

Katika miaka ya 1890, misheni ya Magila, huko Bonde katika mkoa wa sasa wa Tanga, ilikuwa ikitoa gazeti liitwalo Habari za Mwezi. Magila ndiko kilikochapishwa pia, kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi: Habari za Wakilindi. Gazeti lilieleza yaliyotokea juzijuzi. Kitabu kinaanza na Mbega, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu akaishia kutawala Usambara karne ya 18, kisha kinafuata uzao wake kizazi baada ya kizazi. Neno ni lilelile, ila katika jina moja limebeba siku thelathini, na katika lingine limebeba zaidi ya miaka mia moja.

Kwa sikio la leo majina hayo hayaendani. Kwa waandishi wa wakati ule yaliendana vizuri sana. Habari, lililotokana na khabar la Kiarabu, lilikuwa na maana ya kile kinachosimuliwa juu ya mtu, mji au jambo. Upya wake haukuwa sharti. Ndiyo maana tarehe, yaani historia, ya Lamu iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakari, na kuchapishwa 1938, inajulikana kama Khabari Lamu, na kh yake ya pwani haijaguswa. Neno historia halikuwa bado limekaa shuleni na kuichukua kazi hiyo.

Kazi nyingine ya habari imejificha ndani ya sarufi, na hapo ndipo wasomaji wengi wa magazeti ya zamani huteleza. Leo mwandishi husema “kuhusu shamba”. Zamani angeweza kusema “habari ya shamba”, bila kumaanisha kwamba kuna lolote limetokea shambani. Aliyesema habari ya shamba alizungumzia shamba, basi. Matumizi haya yamehifadhiwa wazi katika Biblia ya Union Version ya 1952, ambamo nyaraka za Paulo huingia katika mada mpya kwa maneno “kwa habari ya”. Kwa hiyo mtu anayefungua gazeti kuukuu na kukuta kichwa cha namna ya “Habari za Pamba” asitarajie mara moja bei kuporomoka au ghala kuungua. Huenda chini yake pana maelezo ya kupanda, kupalilia na kuchuma tu.

Kisha kuna barua. Magazeti ya mwanzo yaliishi kwa barua. Msimulizi, lililoanza 1888 katika chuo cha Kiungani, Unguja, liliwaunganisha wanafunzi na wenzao waliokwenda kufanya kazi vituo vya mbali. Na barua ya Kiswahili ilikuwa na adabu yake: baada ya salamu, mwandishi huarifu kwamba hali yake ni njema na habari za huko aliko ni njema, hata kama mistari michache mbele atataja ugonjwa au kifo. Mtafiti asiyeijua adabu hiyo ataona mwandishi anajipinga. Hajipingi hata kidogo. “Habari njema” ya mwanzo ni mlango wa mazungumzo, kama mtu aliyefiwa anavyojibu “nzuri” kwanza, ndipo aseme lililompata. Jambo hili linastahili kufundishwa kwa kila anayeingia kwenye nyaraka, kabla hajaanza kunukuu.

Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu, lilikuwa na safu ya Habari za Miji. Humo maana mbili zilikaa jirani: tukio jipya la mahali fulani, na salamu za mahali hapo kwa wasomaji wa mbali. Mvua, mavuno, msiba, mgeni aliyefika; yote yalikuwa habari, kwa sababu yote yangeulizwa na mtu aliyetoka mji huo.

Redio ndiyo iliyolibana neno. “Taarifa ya habari” ilizoeza masikio kwamba habari ina saa yake na ikichelewa imechacha. Serikali nazo zikalipatia neno hilo ofisi: Tanzania iliunda Shirika la Habari, SHIHATA, mwaka 1976. Mwanahabari, vyombo vya habari, chumba cha habari, vyote vimejengwa juu ya maana hiyo finyu.

Hata hivyo, ile pana haijahama. “Sina habari naye” inaweza kuwa sijui aliko, au simjali. Sauti ya msemaji ndiyo huamua. Na kila jioni msomaji wa taarifa huwauliza watazamaji habari za saa hizi, kisha papo hapo huwasomea habari. Bibi aliyekaa sebuleni, anayeitikia “nzuri, mwanangu” kuelekea kwenye runinga, amejibu ile ya kwanza.