Arobaini ya Mzazi

Mwanamke akijifungua, watu husema, "Yuko ndani, hajatimiza arobaini." Sehemu nyingi za nchi yetu zina desturi hiyo. Kwa muda wa siku 40 mzazi hashiki jembe, hachoti maji, wala hapasui kuni. Mama yake au mavyaa yake huja kumtunza. Pwani hupikiwa uji wa pilipili manga. Uchagani hupikiwa mtori wa ndizi na nyama.

Wapo vijana wanaosema kwamba desturi hii imepitwa na wakati. Si kweli. Waganga wa hospitali nao huhesabu wiki 6 tangu kujifungua, yaani siku 42. Katika wiki hizo kizazi husinyaa na kurudi udogo wake, na damu hukatika. Wazee wetu na waganga wamepishana kwa siku 2 tu!

Fikiri pia jambo hili. Mwanamke aliyeajiriwa hupewa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akizaa pacha hupewa siku 100. Ndivyo inavyosema sheria ya ajira ya mwaka 2004. Mkulima hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake ni arobaini, na wa kumpa ni jamaa zake.

Kwa hiyo arobaini ni jambo jema, na yafaa tuilinde. Lakini ndani yake yamo mambo mengine ambayo yanaweza kumdhuru mtoto, hata kumwua. Duniani kote, karibu nusu ya watoto wanaokufa kabla ya kutimiza miaka 5 hufa katika mwezi wa kwanza. Na wengi wa hao hufa katika juma la kwanza. Yaani mtoto yuko hatarini kuliko siku zote wakati ule ule anapokuwa amefichwa ndani, na watu hawamwoni.

Tuanze na chakula chake. Mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Maziwa yanayotoka siku hizo za mwanzo huitwa dang'a. Ni mazito, tena yana rangi ya manjano. Wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani kuwa ni machafu. Kufanya hivyo ni kumwaga dawa. Dang'a ina kinga nyingi ya maradhi, na ni kama chanjo ya kwanza ya mtoto. Ni kidogo, lakini inatosha, kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo sana. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai hulijaza.

Siku ya pili au ya tatu mtoto hulia sana usiku. Hapo ndipo maneno huanza. Bibi wa mtoto husema, "Mwanangu, mtoto huyu ana kiu. Mpe maji kidogo yenye sukari." Mzazi hujibu, "Lakini mama, muuguzi amekataza." Bibi naye hujibu, "Mimi nimelea saba. Huyo muuguzi amelea wangapi?"

Bibi anasema kwa mapenzi, na haifai kumdharau. Mtu mwingine katika nyumba amweleze kwa adabu, na afadhali awe mwanawe mwenyewe, yaani baba wa mtoto. Amweleze hivi: maziwa ya mama ni maji kwa sehemu kubwa, karibu sehemu 9 katika kila 10. Mtoto anayenyonya amekwisha kunywa maji. Hata katika joto la Dodoma au Lindi hahitaji mengine.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Maziwa hayakai tayari kifuani kama maji katika mtungi. Mwili wa mama huyatengeneza kadiri mtoto anavyonyonya. Akinyonya mara nyingi, maziwa huongezeka. Akinyonya mara chache, hupungua. Sasa ukimpa mtoto maji ya sukari, tumbo lake hujaa, naye hulala. Hanyonyi. Kesho yake maziwa yamepungua kidogo. Mtoto hulia tena, nawe humpa maji tena, na uji mwepesi juu yake. Baada ya wiki 2 watu husema, "Maskini, mama huyu hana maziwa." Maziwa alikuwa nayo. Yamekaushwa na kijiko. Na kama maji yale au kikombe kile havikuwa safi, mtoto huanza kuhara.

Basi mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, wala asipewe kitu kingine mpaka atimize miezi 6. Asipewe maji, uji, wala dawa ya mchango. Dawa ya hospitali aliyoandikiwa na mganga haimo katika katazo hili. Ukitaka kujua kama anashiba, tazama mkojo. Mtoto aliyepita juma moja akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, maziwa yanamtosha. Asishike chuchu tupu mdomoni. Afungue kinywa sana na ashike pia sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu. Mama akiona maumivu makali, mara nyingi ni kwa sababu mtoto ameshika vibaya. Amtoe taratibu na kumweka tena.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye hunyonyesha, ili mradi atumie dawa zake kila siku na mtoto apewe dawa yake kama kliniki ilivyoagiza.

Kitovu nacho kina desturi zake. Wengine hupaka majivu, wengine mafuta, wengine hata samadi ya ng'ombe. Katika samadi na udongo ndimo wanamokaa wadudu wa pepopunda. Nchi yetu ilipiga vita pepopunda ya watoto wachanga kwa chanjo za wajawazito, na mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa imeishinda. Lakini wadudu wenyewe bado wamo ardhini. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Kisipakwe chochote, ila dawa ambayo muuguzi ametoa. Kitaanguka chenyewe, kwa kawaida katika wiki 2 za mwanzo.

Mtoto mchanga hupoa upesi. Asiogeshwe siku ile aliyozaliwa, bali asubiri saa 24. Afunikwe kichwa. Mtoto aliyezaliwa na uzito usiofika kilo 2 na nusu ahitaji joto zaidi, na muuguzi ataangalia kama anaweza kurudi nyumbani. Mtoto wa namna hiyo hufungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa kanga. Njia hii ilianza kutumiwa katika hospitali moja ya mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa kuwa mashine za kuwatia watoto joto hazikutosha. Leo inatumika hata katika hospitali kubwa zenye mashine. Baba pia anaweza kumbeba hivyo mama anapooga au kula.

Juu ya kukandwa: maji ya uvuguvugu hayana ubaya, na mwili hupata nafuu. Lakini maji yanayochemka huunguza. Mzazi aliyeungua hawezi kukaa wala kunyonyesha vizuri.

Sasa tufike penye ugumu. Watu wengine husema mzazi akitoka nje kabla ya siku 40 atapatwa na jicho baya au ugonjwa. Kwa hiyo hata kliniki haendi. Hapa desturi inageuka kuwa kifungo. Arobaini haivunjwi na safari ya kwenda zahanati. Mama na mtoto waangaliwe katika siku 2 za kwanza, tena katika juma la kwanza, na tena arobaini inapotimia. Siku zenyewe muuguzi ataziandika kwenye kadi. Mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mara anapozaliwa. Akifika wiki 6 huanza chanjo nyingine. Kama wazee wanaogopa macho ya watu, mtoto afunikwe vizuri kwa kanga na bibi afuatane naye. Bibi aliyefika kliniki mara moja, mara nyingi ndiye atakayewakumbusha siku ya kurudi.

Lakini usingoje siku ya kadi ukiona haya: mtoto amekataa kunyonya, ana degedege, mwili una joto kali au umekuwa baridi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani, viganja na nyayo ni za manjano, kitovu kinatoa usaha au ngozi inayokizunguka ni nyekundu. Mpeleke saa ile ile, hata kama ni usiku. Na mama naye apelekwe mara moja akitokwa na damu nyingi, akiwa na homa, akitoka uchafu wenye harufu mbaya, akiumwa kichwa sana, au akipatwa na kifafa.

Kwa ajili hiyo baba aweke fedha ya nauli mahali pamoja tangu mimba ni changa, na aongee mapema na mwenye pikipiki au gari. Kazi yake haiishii hapo. Achote maji, atafute kuni, na aone kwamba mzazi anakula mlo mmoja zaidi ya kawaida. Wapo wanaume wanaoona haya kubeba ndoo mbele ya wenzao. Haya hiyo mzigo wake humwangukia mama mwenye kidonda.

Mzazi anaweza kulia bila sababu katika siku za kwanza. Ni kawaida, na hupita. Lakini huzuni ikizidi wiki 2, au akimchukia mtoto, au akisema anataka kufa, asiachwe peke yake wala asiambiwe kwamba ana shetani. Huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Siku ya 40 ikifika, watu hupika na kufurahi, na mtoto hutolewa nje. Kesho yake wengine humpa mzazi jembe, kana kwamba nguvu zote zimerudi usiku mmoja. Aanze na kazi nyepesi. Akienda shamba aende na mtoto, na awepo mtu wa kumshika kivulini, ili kila anapolia mama aache jembe akae chini amnyonyeshe. Akiulizwa kwa nini palizi yake inachelewa, mume wake ndiye ajibu.