Kura ya kila siku 15

Katiba ya Kongo ina mambo kadhaa inayoyahesabu kwa siku. Moja ni hili: Rais akitangaza utawala wa kijeshi, tangazo lake linadumu siku 30, basi. Zikiisha, linakufa lenyewe, isipokuwa Bunge la Taifa na Seneti wapige kura ya kuliongezea muda, kila baraza katika ukumbi wake. Nyongeza yenyewe ni siku 15. Zikiisha hizo nazo, wanarudi kupiga kura upya.

Ndivyo kinavyosema kifungu cha 144, na waliokiandika walijua walichokuwa wanafanya. Rasimu ya Katiba ilitoka katika Seneti ya mpito, ile iliyozaliwa na mapatano ya amani ya Sun City na kuongozwa na Mgr Pierre Marini Bodho, kiongozi wa kanisa la Kiprotestanti na mwana wa Ituri. Wazee wale walikuwa wameyaona ya Mobutu, aliyeifuta kabisa Seneti mwaka 1967, wakayaona na ya vita viwili. Hawakutaka jeshi likabidhiwe jimbo zima halafu watu wasahau. Siku 15 ziliwekwa ziwe chache makusudi, ili serikali ichoke kuja kujieleza, na ikichoka, ifikirie njia nyingine.

Iliyochoka ni Seneti.

Tarehe 3 Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi amri ya utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, ikaanza kazi tarehe 6. Watu wa Beni, huku Kivu ya Kaskazini, yalikuwa yamewafika shingoni. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yalikuwa hayajakoma, na mwezi Aprili mwaka ule ule wanafunzi wa mji walikuwa wamepiga kambi kwenye ofisi ya meya, wakilala pale pale, wakidai Rais aje ajionee. Kwa hiyo amri iliposomwa, wengi waliipokea kwa matumaini, hata wasiopenda kuona askari. Luteni Jenerali Constant Ndima akapelekwa Goma kuwa gavana. Beni ikapewa meya wa polisi, Narcisse Muteba Kashale, na Butembo ikapewa wake, Mowa Baeki Telly Roger. Raia aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai akawa anasimama mbele ya majaji wa jeshi. Na bunge la jimbo likasimamishwa. Neno hilo la mwisho lilipita kimya siku zile, tutalirudia.

Twende kwanza Kinshasa, katika Palais du Peuple, tuone kura yenyewe inavyopigwa. Muswada unatoka katika baraza la mawaziri. Waziri wa Sheria, ambaye kwa miaka mitatu ya mwanzo alikuwa Rose Mutombo, anapanda jukwaani kueleza kwa nini serikali inaomba siku nyingine 15. Rais wa Seneti anafungua mjadala wa jumla, na wanaotaka kusema wanajiandikisha. Hapo ndipo mahali pa hoja: hoja ya utaratibu kwa anayeona kanuni imevunjwa, hoja ya taarifa kwa mwenye habari ambayo kikao hakina. (Wakongomani tunazipenda hoja hizi kupita kiasi, hata kwenye kikao cha mahari utamsikia mjomba akidai “mosio”.) Muswada ukipokelewa unakwenda kwenye kamati ya siasa, utawala na sheria, unarudi, unasomwa kifungu kwa kifungu, kisha unapigiwa kura wote kwa pamoja. Mabaraza mawili yakitofautiana, huundwa kamati ya pamoja. Wakishindwa kupatana, neno la mwisho ni la Bunge la Taifa.

Kwenye karatasi ni ngazi ndefu, yenye nafasi nyingi za kusimama na kuuliza. Ila muswada huu una vifungu vichache mno, na maneno yake ni yale yale ya wiki mbili zilizopita, tarehe tu ndizo zimebadilika. Seneta aliyeuliza wiki mbili zilizopita ni vijiji vingapi vimetulia, leo aulize nini? Aulize tena? Anauliza mara ya tatu, mara ya nne, halafu anaanza kuangalia saa. Mwaka mmoja una vipindi 24 vya namna hii. Kikao kinachorudiwa mara 24 bila jambo jipya hakiitwi mjadala hata kama kanuni zote zimefuatwa.

Isitoshe, Bunge letu lina likizo. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka, kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati ya hapo, kifungu cha 129 kinaruhusu serikali kupewa kibali cha kutunga sheria kwa amri ya Rais, na nyongeza za utawala wa kijeshi zimepitishwa kwa kibali hicho pia. Yaani mlinzi anakwenda likizo na kumwachia funguo yule yule aliyewekwa amchunge.

Wapo waliojaribu kukataa. Mwishoni mwa 2021 wabunge wa taifa kutoka majimbo haya mawili waliacha kuhudhuria vikao vya kuongeza muda. Kura ikapita bila wao. Huko Beni, tarehe 11 Novemba mwaka huo, vijana wa harakati ya LUCHA waliandamana kuupinga utawala wa kijeshi, wakakamatwa, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu zaidi ya kumi kifungo cha miezi 12. Angalia urefu wa kifungo hicho: walifungwa kwa vipindi 24. Agosti 2023 ikaitishwa meza ya mazungumzo Kinshasa kuupima utawala huu, na Oktoba Rais akatangaza kwamba utalegezwa hatua kwa hatua. Kura za siku 15 zikaendelea.

Sasa turudi kwenye bunge la jimbo. Nchini Kongo mwananchi hamchagui seneta. Anamchagua mbunge wa jimbo, na wabunge wa jimbo ndio wanaowachagua maseneta: wanne kwa kila jimbo, wanane kwa Kinshasa, jumla 108, mbali na rais mstaafu aliyechaguliwa, ambaye ni seneta wa maisha. Njia ya mtu wa Butembo kufika Seneti inapita katika mlango mmoja tu, nao ni bunge lake la jimbo. Mlango huo umefungwa na utawala wa kijeshi. Utawala wa kijeshi unaongezwa na Seneti. Maseneta walipochaguliwa upya mwaka 2024 katika majimbo mengine, Kivu ya Kaskazini na Ituri hazikupiga kura, kwa sababu mabunge yao yalikuwa yamesimamishwa. Baraza lililoundwa ili majimbo yawe na sauti lilikuwa, kila baada ya siku 15, likiondoa sauti ya majimbo mawili yanayojadiliwa, na hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa. Kwangu hili ni baya kuliko kama kanuni ingevunjwa, maana kanuni ikivunjwa kuna mahakama ya kwenda.

Na hii haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa huku kuachwa nje ya kura. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama. Mtaani Kalinda, Beni, watu walipanga mistari tarehe 30 wakapiga kura yao ya kuonyesha tu, wakinawa mikono kwanza. Kura halisi ya wabunge ilifika tarehe 31 Machi 2019, Rais akiwa tayari ameapishwa. Maseneta wa nchi walichaguliwa katikati ya Machi, zaidi ya wiki mbili kabla yake. Kivu ya Kaskazini ikasubiri hadi baadaye.

Mtu anaweza kusema Seneti haina nguvu, haiwezi hata kuiangusha serikali. Kweli, haiwezi. Lakini ikitaka kufanya kazi yake, inaijua. Mei 2025 iliombwa kuondoa kinga ya seneta wa maisha Joseph Kabila. Iliunda kamati maalumu ya maseneta 40, kamati ikamwita mhusika, hakuja, ikaleta ripoti, kisha kura ya siri: 88 ndiyo, 5 hapana, 3 hawakuegemea upande. Mtu akubali au akatae uamuzi ule, angalau kulikuwa na ripoti mezani kabla ya kura kupigwa. Kwa mtu mmoja ilipatikana kamati maalumu nzima. Kwa majimbo mawili yenye mamilioni ya watu, waziri na karatasi.

Wenzetu wa Kenya walichagua njia nyingine: maseneta 47 wanachaguliwa moja kwa moja na wapigakura wa kaunti. Sisemi tuige. Seneti yao ina matatizo yake. Ila mpigakura wa kaunti yoyote anajua amfuate nani.

Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, ofisi za jimbo zimehamia Beni, na gavana wa kijeshi, Jenerali Evariste Somo Kakule, anaongozea hapo. Mji ambao kura yake ya 2018 ilisubirishwa umekuwa makao ya jimbo. Bunge la jimbo tu ndilo halikuhamia, kwa kuwa halifanyi kazi.

Sentensi ya mwisho ya kifungu cha 144 haisomwi sana. Inasema Bunge la Taifa na Seneti wanaweza, kwa sheria, kuukomesha utawala wa kijeshi wakati wowote. Sidai ukomeshwe kesho. Maadui wengine wako porini na wengine wako wilayani Lubero, na mwenye akili hawezi kulifanyia mzaha jambo hilo. Ninachowaomba waheshimiwa ni kidogo zaidi: kabla ya kura ijayo, waziri alete ripoti ya maandishi ya siku 15 zilizopita, vijiji vilivyorudiwa na watu, waliouawa, raia walio mbele ya mahakama za kijeshi, na ripoti hiyo ijadiliwe kwanza. Katiba haihitaji kubadilishwa kwa hilo. Seneta mmoja akisimama na hoja ya utaratibu, inatosha kuanzia.