Tundu la moyo wa mtoto na metali inayokumbuka umbo lake

Mzazi akiambiwa mwanaye ana tundu kwenye moyo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kifua kupasuliwa. Kwa baadhi ya matundu, upasuaji huo bado hauepukiki. Mengine huzibwa kwa njia ya tundu dogo kwenye paja. Daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni, na ndani ya mrija huo kuna kifaa kilichosukwa kwa nyaya nyembamba, kikavutwa mpaka kikawa chembamba kama utambi. Kikisukumwa nje ya mrija, hufunguka chenyewe kuwa visahani viwili vilivyoungana katikati, kimoja upande huu wa tundu na kingine upande wa pili.

Kimejuaje kufunguka? Swali hilo ni la msingi, na jibu lake linatupeleka mbali kidogo na hospitali.

Nyaya hizo ni za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani. Aliyeichunguza kwanza ni William Buehler, mwishoni mwa miaka ya 1950, katika maabara ya silaha ya Jeshi la Majini la Marekani. Alikuwa akitafuta metali ya kuhimili joto kwenye ncha ya kombora. Habari za watoto wagonjwa hazikuwamo kabisa. Katika kikao kimoja, kipande kilichokunjwakunjwa kilipitishwa mkono kwa mkono, mmoja wa waliokuwapo akakisogezea moto wa kiberiti cha kiko. Kikanyooka mbele ya macho yao.

Siri iko kwenye mpangilio wa chembe zake. Kiwandani, nitinoli hushikiliwa katika umbo linalotakiwa na kupashwa moto wa nyuzi joto kama 500 za Selsiasi. Umbo hilo ndilo inalolikumbuka. Ikipoa inalainika na kupindika kwa urahisi, ikipata joto inarudi ilivyokuwa. Kwa vifaa vya tiba, hutengenezwa ili katika joto la mwili, nyuzi 37, iwe kama springi: uibane, ukiiachia inajirudisha. Chuma cha kawaida kikipindwa kiasi hicho hubaki kimepinda.

Ndiyo maana waya huohuo hutumika kunyoosha meno ya watoto, kwa kuwa husukuma jino polepole kwa nguvu ileile kwa muda mrefu. Baadhi ya vijirija vya kupanua mishipa ya damu iliyoziba miguuni navyo ni vya nitinoli.

Wahandisi wa anga nao waliipenda. Mwaka 1997, kigari cha Sojourner kilichotua sayari ya Mirihi kilikuwa na waya wa nitinoli uliopashwa joto ili kusogeza kifuniko cha kioo, wapate kupima vumbi linavyopunguza nguvu ya umeme wa jua. Baadaye magurudumu ya alumini ya kigari cha Curiosity, kilichotua mwaka 2012, yalitobolewa na mawe makali. Kituo cha Glenn cha NASA kimekuwa kikijaribu magurudumu yaliyosukwa kwa nitinoli, yanayobonyea kwenye jiwe na kurudi. Kwa macho yangu, ni ndugu wa kile kifaa cha moyoni.

Turudi kwa mtoto. Si kila tundu linafaa. Linalofaa zaidi ni lile la katikati ya ukuta wa vyumba vya juu vya moyo, lenye kingo za kutosha kushikilia kifaa, pamoja na mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi. Kipimo cha Eko ndicho huamua. Hapa nchini huduma hii hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Mwambie daktari mapema iwapo mtoto huwashwa au kutoka vipele akivaa hereni au saa ya bei nafuu. Huo huweza kuwa mzio wa nikeli, na nitinoli ina nikeli nyingi.

Baada ya kuwekewa, nyama ya moyo huota juu ya kifaa kwa miezi kadhaa, kwa kawaida takriban sita. Katika kipindi hicho mtoto hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi aspirini. Mpe kwa kipimo alichoandika daktari tu. Akipelekwa kung'olewa jino, mtaarifu daktari wa meno kwanza, maana huenda akahitaji antibayotiki. Homa isiyoisha, kuzimia, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ni vya kuwahishwa hospitali siku hiyohiyo.

Utapewa kadi yenye jina la kifaa na tarehe kilipowekwa. Ipige picha kwenye simu, kisha nakala nyingine uibandike kwenye daftari la kliniki. Akija kuhitaji kipimo cha MRI hata akiwa mtu mzima, hiyo ndiyo karatasi watakayoiulizia kwanza.