Jinsi Michezo ya Shakespeare Ilivyopangwa kwa Miaka

Shakespeare alikufa mwaka 1616 pasipo kuacha orodha ionyeshayo upi katika michezo yake ulitangulia na upi ulifuata. Mwaka 1623 wachezaji wenzake wawili, Heminges na Condell, walikusanya michezo 36 katika kitabu kimoja. Lakini waliipanga kwa namna zake: ya kuchekesha, ya wafalme, na ya misiba. The Tempest, ulio wa siku zake za mwisho, ukawa wa kwanza kitabuni.

Mwaka 1778 Edmond Malone, mwanasheria wa Ireland, alijaribu kuipanga yote kwa miaka. Naye, kama ilivyo desturi ya wanasheria, alitafuta mashahidi. Alipekua daftari la chama cha wachapaji wa London, mlimoandikwa vitabu vilivyokusudiwa kupigwa chapa. Tena alikuwa na kitabu cha Francis Meres cha mwaka 1598, kitajacho michezo kumi na miwili ya Shakespeare. Ule tuujuao kwa jina la Mabepari wa Venisi, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, umo. Basi haukutungwa baada ya mwaka huo. Julius Caesar haumo. Lakini kutotajwa si ushahidi mtimilifu, maana hata Henry VI, uliokwisha kuchezwa, Meres hakuutaja.

Pale shahidi alipokosekana, Malone alikisia kwa maneno ya mchezo wenyewe, na hapo ndipo alipoponzwa. Twelfth Night aliuweka kwanza mwaka 1614, mwisho wa yote, kwa neno moja alilodhani lagusa mambo ya Bunge la mwaka ule. Malone alikufa mwaka 1812. Baadaye ikaonekana shajara ya John Manningham, mwanafunzi wa sheria, aliyeutazama mchezo huo huo London Februari 1602! Vivyo hivyo Julius Caesar, alioudhania kuwa wa 1607, mgeni wa Uswisi, Thomas Platter, aliutazama mwaka 1599.

Njia nyingine ni ya vina. Malone alikwisha kuona kwamba michezo ya ujana ina vina vingi; mwaka 1874 F. G. Fleay akaihesabu mistari mmoja mmoja. Sisi tufundishao mashairi twaipenda njia hii, walakini haitoi mwaka, yaonyesha ujirani tu. Tena mtunzi aweza kutia vina kwa kuwa wasemaji ni majini na mahaba, kama katika A Midsummer Night's Dream, wala si kwa uchanga wake.