Sifa ya Mmoja, Jasho la Tisa

Ndugu msomaji, mlinda mlango wa kandanda akimaliza dakika 90 bila kufungwa, watazamaji humbeba mabegani. Ni wangapi humkumbuka beki aliyeuokoa mpira mstarini? Swali hilo lina historia ndefu katika besiboli, mchezo upendwao sana huko Marekani.

Katika besiboli, mrushaji humtupia mpira mpinzani mwenye gongo. Mpinzani akiupiga hukimbia kuvizunguka vituo vinne; akirejea alikoanzia, timu yake hupata alama. Mrushaji akiumaliza mchezo peke yake pasipo wapinzani kupata hata alama moja, sifa huandikwa kwa jina lake.

Ligi ya Taifa ya Marekani ilipoanza mwaka 1876, aliyevuma kwa sifa hiyo alikuwa George Bradley wa St. Louis. Timu yake ilicheza michezo 64 msimu ule, na yote aliianza yeye. Alishinda 45, na katika 16 kati ya hiyo wapinzani waliambulia patupu. Tarehe 15 Julai timu yake iliishinda Hartford kwa 2–0, wala hakuna mpinzani aliyefika kituoni kwa pigo lake.

Je, ulikuwa ni mkono wake peke yake? La hasha! Siku zile mrushaji alisimama umbali wa futi 45, akarusha mkono ukiwa chini ya kiuno. Aidha, mpigaji alikuwa na haki ya kuagiza mpira uje juu au chini. Kwa hiyo mpira ulipigwa mara kwa mara, na wachezaji wengi waliudaka kwa mikono mitupu. Vidole viliumia, na makosa yalikuwa mengi; alama nyingi za miaka ile zilitokana na makosa hayo. Kumaliza mchezo bila alama kulihitaji wenzake wanane wasioteleza.

Mwaka 1877 Bradley alihamia Chicago, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Alishinda michezo 18 tu, akashindwa 23. Jina lilikuwa lile lile, lakini waliomzunguka walikuwa wengine.

Mwaka 1916 Grover Cleveland Alexander wa Philadelphia naye alifikisha 16, na hadi leo hakuna aliyewapita kwa msimu mmoja. Wakati huo umbali ulikuwa futi 60 na inchi 6, na wadakaji walivaa glavu za ngozi. Naye Walter Johnson wa Washington, kati ya 1907 na 1927, alikusanya michezo 110 ya namna hiyo, nayo haijapitwa.

Tuwape mashujaa hao haki yao. Lakini, ndugu msomaji, mwanao akifaulu mtihani, baada ya kumpongeza ulizia pia ni nani aliyeteka maji na kuwabembeleza wadogo zake ili yeye apate kusoma. Huyo naye ni mdakaji, na jina lake halimo katika cheti.