Mama Akisema Ameridhika, Ameulizwa Nini?

Mzazi anayeruhusiwa kutoka wodini akiulizwa kama ameridhika na huduma, mara nyingi hujibu ndiyo, na wepesi wa jibu hilo unapaswa kututia shaka. Mama wa Kiabakari wilayani Butiama, au wa Kibara kule Bunda, aliyefika leba usiku wa manane kwa bodaboda na sasa amempakata mtoto mzima, ana furaha ya kusamehe mengi. Anayemuuliza pengine ni mtumishi wa kituo kilekile atakachorudi mtoto kwa chanjo, na yeye mwenyewe kwa mimba ijayo. Nani atamlaumu akichagua adabu?

Tofauti kati ya jibu la wakati wa kuruhusiwa na lile la baadaye imeshapimwa hapa nchini. Katika utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2016, wanawake 1,914 walihojiwa saa chache baada ya kujifungua, na asilimia 15 wakasema walidharauliwa au kutendewa vibaya. Kati ya 64 waliohojiwa wiki 4 hadi 6 baadaye, waliosema hivyo walifika asilimia 70. Atakayesema 64 ni wachache mno hakosei. Lakini huko Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti walipata kama asilimia 19 wakati wa kuruhusiwa. Walipowarudia karibu 600 kati ya wanawake hao wiki 5 hadi 10 baadaye, ikawa asilimia 28. Pengo la Tanga ni dogo kuliko la Dar es Salaam, ila limeelekea kulekule. Yupo atakayedai kwamba wiki hizo zinatosha kwa maneno ya mashoga na mawifi kuchafua kumbukumbu. Inawezekana kwa hisia. Ni vigumu zaidi mtu kusahau kama alipigwa kofi, au kama alijifungua peke yake mkunga akiwa hayupo.

Ndiyo maana nadhani maswali yaulize matukio kabla ya hisia. Vipo vipimo vya hisia vinavyoheshimika. Kimoja cha Uingereza kina maswali 10 na alama 0 hadi 40, kikigusa ubora wa huduma, msongo na jinsi mama alivyojimudu. Vina kazi yake. Lakini mganga mfawidhi akiambiwa wazazi tisa katika kumi wameridhika, kesho asubuhi afanye nini? Akiambiwa kwamba wengi walifokewa, hilo ni la kuzungumza na wauguzi wake. Wakisema walitumwa kununua glovu na pamba, wakati sera inataka huduma ya uzazi itolewe bure, barua iende halmashauri. Wakisema walinyimwa ndugu wa kukaa nao wakati wa uchungu, huenda tatizo ni chumba kisicho na mapazia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linataka mama awe na msindikizaji anayemtaka. Mkunga anayehudumia vitanda vilivyopangwa wazi hawezi kulitimiza hilo kwa moyo mwema tu. Swali la tukio humtetea mkunga pia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakunga ni wachache, na kwanza tuokoe maisha, mengine baadaye. Maisha yameokolewa kweli: takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, huku wanaojifungulia vituoni wakiongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Lakini vituo haviwezi kumwokoa asiyefika, na aliyetukanwa leba ana sababu ya kubaki nyumbani mara ya pili, tena ana dada na majirani wa kuwasimulia. Heshima imo ndani ya usalama wenyewe.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama hazihitaji fedha nyingi kuanza. Mama anatakiwa kurudi kliniki siku ya 42 baada ya kujifungua. Siku hiyo aulizwe maswali matano ya matukio, kwa Kijita au Kizanaki ikimfaa, na mtu asiye mtumishi wa kituo hicho. Jina lake lisiandikwe, na majibu yasomwe kwenye kikao cha kamati ya afya ya kituo, wananchi wakiwepo.